Kundi la wapenzi wa mapembea lina miaka mingi na mimi nimechoka: nalifungaje?

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mkaazi wa Wete. Mwaka 2011, nikiwa kazini Dubai, mimi na rafiki yangu wa Ng'ambo, Unguja, tulianzisha kundi Facebook la watu wanaopenda viwanja vya kufurahishia: rola kosta (vigari vinavyokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka), magurudumu makubwa, magari ya kugongana, chochote kinachokuzungusha mpaka ukaomba kushuka. Baadaye wengi tukahamia WhatsApp. Tuna watu Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na London, na kila Iddi walio karibu hukutana Kariakoo ya Unguja au Tibirinzi ya Pemba. Mwaka jana mwenzangu alifariki. Watoto wangu wamekua, mgongo wangu hauitaki tena pembea, na kundi limejaa matangazo ya biashara. Nataka kulifunga. Wapo wanaosema nawavunjia nyumba, na yupo kijana anayetaka nimkabidhi yeye. Kuna pesa kidogo za michango na fulana zilizobaki. Nifanye vipi nisigombane na watu?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Pole kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mwenzako.

Nikupe la msingi kwanza: lifunge. Umechoka, uliyekuwa ukisaidiana naye hayupo, na wewe mwenyewe unaona kundi limeshageuka. Anayekwambia uliache wazi "lijiendeshe" hajawahi kuendesha kundi. Kundi lisilo na msimamizi halikai kimya. Ataingia wa mikopo ya haraka, atafuata wa dawa za nguvu, kisha aje yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na siku moja mama mtu mzima wa Mkoani atatuma kweli, kwa sababu ujumbe ameuona kwenye kundi lako analoliamini. Hapo jina litakalotajwa barazani ni lako.

Ugomvi unaouogopa huwa hautokani na kufunga. Hutokana na mpango mbovu wa kufunga. Mimi huwaambia watu walitazame jambo hili kama mirathi. Hakuna anayegawa mpaka gharama za maziko zimetoka, madeni yamelipwa na wasia umetekelezwa. Wanaoanza na mgao ndio wanaoishia kwa kadhi. Wewe ulivyoniuliza, umeanza na mgao: nani apewe kundi, nani apewe fulana. Turudi nyuma.

Deni lako la kwanza ni kuwapa watu khabari mapema, na hili watu wako wanalijua kuliko mimi. Mwaka 2024, kiwanja cha Six Flags Great Adventure cha New Jersey, Marekani, kiliiendesha Kingda Ka kwa mara ya mwisho tarehe 10 Novemba. Hiyo ilikuwa rola kosta ya mita 139 kwenda juu, iliyofunguliwa 2005, na wakati huo hakukuwa na iliyokwenda juu kuliko hiyo duniani. Siku chache baadaye ndipo kampuni ikatangaza kwamba haitafunguliwa tena, na Februari 2025 mnara ukaangushwa kwa baruti. Waliokuwa wamepanga kwenda kuipanda mara ya mwisho waliikosa bila ya kujua kwamba wameikosa. Linganisha na Splash Mountain, pembea la maji la Disney huko Florida: Disney walitangaza mapema Disemba 2022 kuwa mwisho ni tarehe 22 Januari 2023, na siku hiyo watu walisimama foleni kwa masaa, wamevaa fulana zao, wanalia na kucheka. Wapo waliokasirika kwa kufungwa kwake, lakini hakuna aliyesema hakuagwa. Wanachama wako waliyazungumza yote mawili, na naamini unakumbuka walimlaumu nani. Usiwafanyie la Kingda Ka.

Muda gani basi? Kwa watu wenu ningetumia Iddi mbili. Tangaza wiki ya kwanza baada ya Iddi ndogo, funga Jumapili ya kwanza baada ya Iddi kubwa. Katikati pana siku sabini hivi, zinatosha kwa mtu wa Maskati kutafuta simu yake ya zamani kabatini, na si nyingi kiasi cha watu kusahau kwamba kuna jambo. Na Iddi kubwa itawapa siku ya kukutana mara ya mwisho, huko huko mnakokutana siku zote. Usitangaze ndani ya Ramadhani. Kumi la mwisho watu wana mambo yao, na utakayemuudhi hapo atakuwa na hoja.

Tangazo lenyewe liwe fupi. Nimeona matangazo ya kufunga kundi yenye urefu wa khutba, na kila sentensi ya ziada ni mlango wa mabishano. Ningeandika hivi:

"Assalamu alaykum. Kundi letu litafungwa Jumapili inayofuata Iddi kubwa. Sababu ni yangu: nimechoka, na mwenzangu ametangulia mbele ya haki. Hakuna ugomvi wala aliyekosea. Mpaka siku hiyo, mwenye picha au sauti anayotaka ihifadhiwe aniletee faragha, na asiyetaka yake ibaki aniambie niiondoe. Hesabu ya pesa naiweka hapa Ijumaa. Kufunga kumeshaamuliwa. Namna ya kufunga, karibuni tushauriane."

Ile mistari miwili ya mwisho usiiondoe. Watu wakijua kipi kimeshaamuliwa na kipi kiko wazi, wengi hutulia. Wachache watakaoendelea kusema unavunja nyumba waache waseme siku mbili tatu, usiwajibu mmoja mmoja mbele ya kundi. Na usiandike "labda tutarudi inshaallah" kama hukusudii kurudi. Watu watalisubiri hilo "labda" miaka mitatu.

Kabla ya tangazo, hata hivyo, kuna jambo la haraka kuliko yote na hukuliuliza. Mwenzako alikuwa akiweka wapi picha za kundi? Kama ni kwenye akaunti yake ya Google, kama wengi wetu, basi saa inakwenda. Tangu Disemba 2023 Google wana ruhusa ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na barua, picha na kila kilichomo. Amefariki mwaka jana, kwa hiyo muda bado upo, lakini hauna mwisho mzuri. Ikiwa simu yake ipo na haijafungwa, kuingia tu kwenye akaunti kunaifanya ihesabiwe kuwa inatumika, na kutoka hapo albamu za kundi zinaweza kupakuliwa.

Simu hiyo ni mali ya warithi, na pengine iko kwa mjane. Usimpigie wewe kumuuliza neno la siri la mumewe. Mtume mkeo, au mwende pamoja na ndugu wa marehemu, mkamueleze kinachotafutwa na kisichotafutwa: picha za Iddi na za safari, basi. Akae yeye na mtoto wake mkubwa, wafungue wao, wachague wao, wawape nyinyi nakala. Akikataa, mshukuruni muondoke. Nimewahi kuona kundi lilipata kila kitu kwa sababu walikwenda wanawake wawili na kilo mbili za sukari, na jengine likakosa kila kitu kwa sababu msimamizi alituma ujumbe wa WhatsApp kwa mjane aliye kwenye eda.

Sasa tuje kwenye cha kuhifadhi. Hapa ndipo ningekushauri utumie nguvu zako zote, maana ndicho kitakachobaki.

Usifikiri kampuni zinakuwekea. Yahoo ilikuwa na makundi ya watu kama nyinyi tangu 2001, wapenzi wa kila kitu duniani. Mwaka 2019 wakatangaza kuwa yaliyomo yatafutwa, Disemba mwaka huo yakaanza kufutwa, na tarehe 15 Disemba 2020 huduma ikafungwa kabisa. Waliookoa kitu ni wale walionakili mapema. Kwenu khabari iko karibu zaidi: tangu Februari 2025 Facebook huzifuta video za moja kwa moja baada ya siku 30, na za zamani wenyewe walipewa muda wa kuzipakua kabla hazijaondolewa. Zile mlizorusha kutoka Tibirinzi miaka ile, kazitazame leo hii kama zipo. Kama hazipo, muulize kila aliyekuwa ameshika simu siku ile. Mara nyingi nakala hubaki kwenye simu iliyorekodi.

WhatsApp nayo ina mipaka yake. Ukisafirisha mazungumzo ya kundi unapewa ya karibuni tu, kiasi cha ujumbe 10,000 ukichukua pamoja na picha, na 40,000 ukichukua maandishi matupu. Kundi la umri wenu limepita hapo zamani. Tena simu yako haiwezi kukupa picha uliyokwishaifuta ili upate nafasi. Kwa hiyo tafuteni wale watu wasiofuta kitu. Kila kundi linao: yule bwana ambaye simu yake imejaa mpaka haipigi picha, na kila siku mnamcheka. Huyo ndiye maktaba yenu. Mkalieni na kompyuta, mkopi folda nzima.

Nikuoneshe mfano wa mnachokitafuta. Ndani ya folda ya sauti za WhatsApp kwenye simu ya Android utakuta faili linaloitwa PTT-20190605-WA0012.opus. Jina hilo linakwambia kwamba ni ujumbe wa sauti ulioingia tarehe 5 Juni 2019, na 0012 ni namba yake ya mpangilio. Halikwambii nani anazungumza, wala yuko wapi, wala kwamba yule mzee anahadithia pembea za Mnazi Mmoja za utotoni mwake, anavyopewa senti na babu yake na anavyozimaliza kabla ya adhuhuri. Leo wewe ukiisikia sauti ile unamjua. Mwanao hatomjua. Likopi faili, ulipe jina la kueleweka: mwaka, mahali, jina la msemaji, anachokizungumza. Kazi hii ni ya kuchosha na haina njia ya mkato, gawaneni watu wanne watano, kila mmoja miaka yake. Mkifika kwenye picha za Pemba mtakuta Iddi moja ina tarehe mbili. Andikeni ni ya muandamo upi wa mwezi. Kwetu halihitaji maelezo, lakini mtu wa miaka hamsini ijayo atadhani mmekosea.

Na mchague. Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzako hawataupenda. Video za rola kosta ya Formula Rossa ya Ferrari World pale Abu Dhabi ikikimbia kilomita 240 kwa saa, zimo mtandaoni kwa maelfu, zimepigwa na watu wenye kamera nzuri kuliko zenu. Takwimu za kila rola kosta duniani zinakusanywa na Duane Marden kwenye hazina yake ya Roller Coaster DataBase tangu 1996. Marekani wapenzi hawa wana chama chao tangu 1978, American Coaster Enthusiasts, chenye kumbukumbu zake. Hakuna anayeihitaji kutoka kwenu picha ya Disneyland. Ziacheni ziende.

Lakini nani mwengine ana picha za kile kiwanja cha Kariakoo, Iddi baada ya Iddi, tangu Mfuko wa Hifadhi ya Jamii ulipokijenga? Nani ana picha ya foleni ya Tibirinzi, watoto wamevaa nguo mpya zenye mikunjo ya dukani, mkono mmoja tiketi na mkono mwengine ubuyu? Nani ana Wonderland ya Dubai, ile iliyokuwa karibu na daraja la Garhoud, ambayo haipo tena, na ndani yake vijana wa Kizanzibari wa siku ya mapumziko? Hizo ndizo. Pia tiketi zenyewe, bei zilizoandikwa kwa mkono, tangazo la "leo gurudumu halifanyi kazi", picha ya fundi aliyelala chini ya gari la kugongana. Reli ya Bububu ilianza 1905, na leo sisi wengine sura ya treni ile tunaijua kwa sababu kulikuwa na wapiga picha wa postikadi. Hao walikuwa wakifanya biashara tu, hawakujua wanahifadhi.

Mkishachagua, nakala ziwe tatu, mahali tofauti. Diski moja Unguja, moja Pemba, moja kwa mtu wa nje. Flashi usizitegemee, unaijua hali yetu ya chumvi na unyevu. Picha mia bora zipelekeni studio zikasafishwe kwenye karatasi, na nyuma yake muandike kwa penseli. Halafu nendeni Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, mkawaulize wanapokea vipi mkusanyiko kama huo. Nendeni na orodha mkononi, msiende na mfuko wa flashi. Mtunza nyaraka akiona orodha hukaa kitako akazungumza na wewe.

Tatizo liko kwenye nyuso. Msichana wa miaka tisa aliyepigwa picha 2013 akipiga kelele kwenye pembea, kichwa wazi, leo ni mke wa mtu na pengine ni mwalimu wa skuli. Wakati ule baba yake aliiweka kwenye kundi la watu arubaini anaowajua. Hakuiweka kwa ajili ya umma, wala kwa ajili ya jalada. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha na namba za watu zimo ndani ya maana yake. Ila hata bila ya sheria ungejua. Mimi ningefanya mafungu mawili. Fungu la kwanza, picha za mahali na za umati ambao hakuna anayetambulika kirahisi: hizo ziwe huru. La pili, picha za watu wanaotambulika: hizo ziende kwa familia zao, na kwenye jalada ziingie zile tu ambazo mwenyewe amesema ndiyo. Aliye mtu mzima sasa aulizwe yeye, asiulizwe baba yake. Picha za marehemu, waulizwe watu wa nyumbani. Utapoteza picha nzuri kadhaa. Ndivyo inavyokuwa.

Na namba za simu? Wewe kama msimamizi unashika namba za watu wote hao, wanawake kwa wanaume, baadhi yao namba ambazo hata majirani hawana. Hizo ni amana. Usizipakue kwenye orodha "kwa ajili ya kumbukumbu", usimpe mtu anayetaka kuwatangazia biashara ya safari, hata akiwa shemeji yako.

Ndiyo maana jibu langu kuhusu kijana ni hapana. Simfahamu, na huenda ni kijana mzuri kuliko sisi wote. Lakini watu wale waliingia kwa kukuamini wewe na marehemu. Ukimkabidhi kundi unamkabidhi na namba zao, na maneno yao ya miaka yote hiyo, na picha za watoto wao, wala hawakuulizwa. Mwambie afungue kundi lake, kwa jina lake jengine. Wewe litangaze mara moja, kwa maneno mazuri, weka kiungo chake, na anayetaka ataingia kwa mguu wake mwenyewe. Akikubali hivyo, mwenye nia ya kweli ni huyo. Akiendelea kung'ang'ania lile lile la zamani, jiulize anachotaka ni pembea au ni orodha ya watu.

Anaweza kukwambia kwamba kundi jipya halitapata hata nusu ya watu. Kweli, halitapata. Nusu ya watu wako hawajaandika neno miaka mingi, na baadhi wamefariki. Hili pia lishughulikie mapema: laini isiyotumika hurudi kwa kampuni na kuuziwa mtu mwengine, na kama namba ya marehemu bado imo ndani ya kundi, kuna siku utaona jina lake linauliza "hili kundi la nini?" saa tano za usiku. Waondoe waliofariki kimya kimya, baada ya kuwapa khabari watu wao.

Pesa. Sitaki kusema mengi, maana ni ndogo na wewe umeshaonesha unataka kuzitoa. Ziko kwenye simu ya nani? Kama ni kwenye simu ya marehemu au jina lake, usiziguse hata kama neno la siri unalijua: ongea na warithi, waoneshe michango iliyoandikwa, na wao wazitoe. Kama ni kwako, weka hesabu kwenye kundi Ijumaa ile uliyoahidi. Kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na picha ya salio. Lipeni kwanza mnachodaiwa, kama kuna gari la kukodi la Iddi iliyopita au mtu aliyetoa mfukoni. Kinachobaki, waliochanga wakubaliane: kirudi kwao au kiende kwenye sadaka yenye jina, kwa mfano kisima fulani au madrasa fulani. "Tutatoa sadaka" bila ya kusema wapi huzaa maneno. Kwa uzoefu, pesa ikiwa ndogo, sadaka kwa ajili ya mwenzako marehemu hakuna atakayeipinga.

Na kama mlikwenda mkajisajili rasmi kama jumuiya, hadithi inabadilika. Jumuiya nyingi za Unguja na Pemba zilisajiliwa kwa Mrajis wa Jumuiya chini ya Sheria Namba 6 ya 1995. Katiba yenu itakuwa na kifungu cha kuvunja jumuiya, kinachosema kura ngapi na mali ziende wapi. Kifuateni neno kwa neno, muandike muhtasari, mfunge akaunti ya benki kwa saini zile zile zilizoifungua, kisha mumpelekee Mrajis barua. Msipomjulisha, jumuiya inabaki hai kwenye daftari lake, na wenye kutafutwa kwa taarifa za mwaka ni nyinyi. Kama hamkujisajili, haya yote yapite.

Siku yenyewe, Jumapili baada ya Iddi kubwa, usiweke saa za usiku. Weka baada ya alasiri, watu wa London wawe macho na wa Maskati hawajalala. Asubuhi waache waandike wanachotaka, na kutakuwa na mengi, mpaka wale wasiosema watasema. Somesheni dua kwa marehemu wote wa kundi kwa majina. Kisha kwenye WhatsApp badili mpangilio ili wasimamizi tu ndio waweze kutuma, weka ujumbe wa mwisho wenye mahali picha zilipo na namba ya kuuliza, uache hivyo kwa wiki moja. Baada ya wiki ondoa watu, kisha toka wewe. Msikimbilie kuwaondoa siku ile ile. Kuna mtu alikuwa kwenye boti ya Azam hana mtandao, atakuja kukuta ametolewa na ataamini amefukuzwa.

Facebook ifanyie tofauti: lisimamishe tu kundi. Likisimamishwa watu wanaweza kusoma na kutazama lakini hakuna anayeweza kuandika. Liache mwaka mzima hivyo, mpaka uhakikishe kila kilichotakiwa kimenakiliwa, ndipo uamue kama ulifute. Ongeza msimamizi mmoja unayemuamini kabla ya kulisimamisha, ili nawe likikufika la kukufika, isiwe yale yale ya akaunti ya marehemu. Mwanao wa kike, ikiwa anapenda mambo haya, anatosha.

Fulana: ziuzeni siku ya Iddi hapo hapo Tibirinzi kwa bei mliyonunulia, pesa iingie kwenye fungu la sadaka. Zenye saizi kubwa mno ambazo hazikuuzika miaka yote hazitouzika na siku hiyo. Wape vijana wanaosukuma na kufunga mikanda pale kwenye mapembea, nao watazivaa kazini. Moja iweke kwenye boksi pamoja na picha, ile yenye maandishi yaliyokosewa kama ipo.